Sura ya 6: Spana Ingoje

Silinda mpya ya pikipiki haiji Kisangani kwa njia fupi. Ikitokea magharibi, inapandishwa Mto Kongo kutoka Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,700 za maji, ikiwa imelundikwa jahazini pamoja na chumvi, sabuni na abiria. Ikitokea mashariki, imeshushwa melini Mombasa, ikavuka Kenya na Uganda, ikaingia Kongo kwa mpaka wa Kasindi, ikafika Beni au Butembo, kisha ikaanza barabara ya taifa namba 4: Komanda, Mambasa, Nia-Nia, Bafwasende. Hizo ni zaidi ya kilomita 700, nyingi zake msituni, na mvua moja kubwa inatosha kulaza malori kwenye tope. Kila kilomita ya safari hiyo imo ndani ya bei ambayo mwenye pikipiki hutajiwa dukani.

Kwa sababu hiyo sura hii haitaanza na namna ya kufungua injini. Itaanza na namna ya kuiacha imefungwa mpaka ijieleze. Injini kongwe iliyokosa nguvu inaweza kuulizwa maswali mengi kabla bolti moja ya silinda hedi haijalegezwa, na maswali hayo yanagharimu karibu na bure: wembe, kijiti, kipande cha karatasi, oili kidogo na sikio. Nimeona silinda nzima zikitupwa kwa sababu ya valvu iliyobana. Nimeona seti za ringi zikibadilishwa mara mbili kwenye injini ambayo shida yake ilikuwa taimingi. Mwenye chombo hulipa mara mbili: hulipa kipuri asichokihitaji, halafu hulipa siku ambazo chombo hakikuleta kitu nyumbani.

Kisangani ni mji unaojua thamani ya magurudumu mawili. Uchumi ulipoporomoka na barabara kufa, zile baiskeli za abiria zinazoitwa toleka ndizo zilizobeba watu na mizigo. Vita vilipofika, hadi zile siku za Juni 2000 ambapo majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katikati ya mji, toleka ziliendelea. Pikipiki zilikuja kwa wingi baadaye. Leo kutoka Makiso hadi Mangobo, kutoka Kabondo hadi daraja la mto Tshopo, moto, kama watu wa huko wanavyoiita, ndiyo teksi, ndiyo gari la wagonjwa, ndiyo lori la mkaa. Ikizima, kuna nyumba inayokosa chakula siku hiyohiyo.

Ukiacha jina lililobandikwa kwenye tangi, injini utakayoikuta mara kwa mara kwenye pikipiki kongwe za Kiafrika ina babu mmoja: Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976. Walioiunda walikuwa na nia iliyo wazi: pikipiki ya nchi ambako barabara ni mbovu, mzigo ni mkubwa na matunzo ni haba. Wakati injini nyingine za Honda zilikuwa na cheni ya taimingi inayopanda hadi kichwani, wao waliirudisha kamshafti chini, wakaizungusha kwa gia moja kwa moja kutoka kwenye krenki, na fimbo mbili nyembamba zikapeleka mwendo juu kwenye roka. Gia haziregei kama cheni. Viwanda vya China vimeiiga injini hiyo kwa miaka mingi na kwa majina mengi, na nchini Pakistan CG125 yenyewe iliendelea kutengenezwa. Ndiyo nitakayoitumia kama mfano mkuu, na nitaitaja ya cheni panapohitajika, maana pikipiki za Boxer, zenye cheni, nazo zimejaa.

Ndani ya injini hiyo pistoni yenye upana wa milimita 56.5 hupanda na kushuka milimita 49.5. Ikiwa chini kabisa, juu yake pana nafasi ya karibu sentimita za ujazo 140. Ikifika juu kabisa, nafasi iliyobaki ni 15 na kitu. Hewa na petroli vimebanwa kiasi cha mara tisa, na karibu na hapo ndipo cheche inapopigwa. Kompresheni ni huko kubanwa. Taimingi ni mambo mawili ambayo watu huyachanganya: saa ya valvu kufunguka na kufungwa, na saa ya cheche.

Ugumu wote wa kutafuta ugonjwa unatokana na kwamba mambo haya huvaana nguo. Chukua valvu ya kuingiza. Haifungwi pistoni ikiwa chini kabisa. Hufungwa baadaye, pistoni ikiwa imeshaanza kupanda. Taimingi ya valvu ikichelewa, mlango huo unabaki wazi zaidi, na sehemu ya hewa iliyoingia inasukumwa kurudi kwenye kabureta. Geji itaonyesha kompresheni ndogo ingawa ringi ni nzima, silinda ni nzima na valvu zenyewe ni nzima. Kwenye injini ya cheni ambayo gia yake ya kamshafti ina meno 32, kuruka jino moja ni digrii 11 na robo za kamshafti, na kwa kuwa krenki huzunguka mara mbili wakati kamshafti inazunguka mara moja, ni digrii 22 na nusu za krenki. Pikipiki bado itawaka. Itakuwa nzito, itapata joto, na fundi mwenye haraka atasema silinda imekwisha.

Kinyume chake pia hutokea. Valvu ya kutolea moshi iliyoungua ukingoni hupiga mapopo kwenye ekzosi, na dereva huamini cheche imechelewa, akanunua CDI mpya, kile kisanduku kinachopanga cheche.

Basi anza asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, na anza na valvu. Fungua kifuniko cha roka na vifuniko vya upande wa magneto. Simama kushoto mwa pikipiki na uzungushe magneto kinyume cha mwendo wa saa mpaka alama ya T ilingane na alama ya kwenye kava. Sasa pistoni iko juu. Lakini hufika juu mara mbili katika kila duru ya kazi: mara moja imebana hewa, mara nyingine imemaliza kutoa moshi. Cheche haitakusaidia kutofautisha, kwa sababu magneto imekaa kwenye krenki na hupiga cheche kila mzunguko, moja ya kazi na moja ya bure. Shika roka kwa vidole. Zote mbili zikicheza kidogo, uko mahali penyewe. Zote zikiwa zimekaza, zungusha mzunguko mmoja kamili na ushike tena.

Uwazi ambao Honda iliuweka kwa CG125 ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, injini ikiwa baridi. Kwa injini nyingine fuata kitabu chake. Fila geji ni kifaa kizuri na si ghali, lakini si kila kijiji cha njia ya Ubundu au Banalia kina moja. Wembe wa kawaida wa makali mawili una unene wa milimita 0.10. Ukipita kwa urahisi kati ya roka na ncha ya valvu, uwazi umezidi. Ukikataa kabisa huku roka bado inacheza kidogo sana chini ya kidole, uko karibu na 0.08. Si kipimo cha maabara, lakini ni bora mara nyingi kuliko kukisia kwa sikio.

Na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu sikio ndilo lililoua valvu nyingi kuliko vumbi. Dereva wa teksi hapendi injini inayogonga tik-tik-tik juu. Abiria wanasema imechoka. Anamwomba fundi aondoe kelele, na fundi anakaza skurubu ya tapeti mpaka kelele inakwisha. Injini inakuwa tulivu, dereva anafurahi na kulipa. Ila chuma kikipata joto hurefuka. Ule uwazi mdogo uliowekwa kiwandani ndio nafasi ya kurefuka huko. Ukiuondoa, valvu ya moshi haikai tena vizuri kwenye kiti chake injini inapopata moto, na kiti hicho ndicho njia kuu ambayo valvu hupozwa, kwa kupitishia joto kwenye silinda hedi. Moto unapita kwenye upenyo, ukingo unaanza kulika, na baada ya wiki kadhaa asubuhi pikipiki inawaka vizuri lakini mchana, ikiwa ya moto, haiwaki hata kwa kusukumwa. Nguvu ya asubuhi inayopotea mchana ni dalili ya valvu iliyobana kabla ya kuwa dalili ya kitu kingine chochote.

Tena, valvu hujibana zenyewe. Kiti kikilika, valvu huzama juu kidogo kidogo ndani ya silinda hedi na shina lake husogelea roka. Injini kongwe iliyokuwa ikigonga na sasa imenyamaza bila kuguswa na mtu ipelekwe kwa fundi upesi kuliko ile inayopiga kelele. Mweleze hivyo dereva unayempenda.

Uwazi ukishawekwa sawa, washa injini ipate joto la kawaida, zima, toa bujii, na ufunge geji ya kompresheni. Fungua mkono wa gesi hadi mwisho. Hili husahauliwa sana, na kabureta iliyofungwa huifanya injini nzima isome kama mbovu, kwa sababu hewa haikuruhusiwa kuingia. Piga kiki kwa nguvu mpaka sindano isipande tena. Injini ya aina hii yenye afya husoma kilo 10 hadi 12 kwa sentimita ya mraba. Ikisoma 7 au 8 itafanya kazi kwa shida, na chini ya hapo utaiwasha kila siku kwa jasho.

Kabla hujalinganisha na namba uliyopewa na fundi wa mji mwingine, kumbuka mwinuko. Kisangani iko karibu mita 400 juu ya usawa wa bahari. Goma iko karibu mita 1,500, na hewa yake ni nyepesi kwa zaidi ya moja ya kumi. Injini ileile itasoma pungufu kwa kiasi hichohicho kule Goma bila kuwa na ugonjwa wowote, na namba inayosifiwa Goma inaweza kuwa ya wasiwasi Kisangani.

Namba ikiwa ndogo, wengi wanajua jaribio la oili: mimina oili kwenye tundu la bujii, piga kiki tena, ikipanda, ringi zimechoka, isipopanda, tatizo liko kwa valvu au gasketi. Jaribio ni zuri ila hudanganya kwenye silinda ndogo, na sijaona mafundi wakionywa vya kutosha. Nafasi iliyo juu ya pistoni ni sentimita za ujazo 15 na nusu. Kijiko kimoja cha chai ni karibu 5. Ukimwaga kijiko kizima umeijaza theluthi ya chumba, na uwiano wa kubana umeruka kutoka tisa hadi kumi na tatu. Namba lazima ipande hata kama ringi ni mpya. Tumia nusu kijiko, zungusha injini taratibu mara chache oili isambae ukutani, ndipo upime. Kupanda kwa kilo moja hakusemi kitu. Ikitoka 6 hadi 10, ringi zimejisema zenyewe.

Jaribio ninaloliamini zaidi ni la upepo. Chukua bujii kuukuu, vunja kauri yake utoe moyo wote, na mwenye mashine ya kuchomelea akuungie humo valvu ya tairi. Weka pistoni juu kabisa, ile ya kubana. Tia gia ya mwisho na mtu akanyage breki ya nyuma kwa nguvu, maana upepo utataka kuisukuma pistoni chini, na anayeshika magneto kwa mkono anaweza kuumia. Kisha nenda kwa kwado, kijana wa kuziba matairi aliyeko kila kona ya miji ya Kongo, umwombe upepo wa kilo mbili au tatu. Sasa sikiliza. Unaofukuta kwenye kabureta unapita valvu ya kuingiza. Unaotoka kwenye ekzosi unapita valvu ya moshi. Unaosikika kwenye tundu la kutilia oili unapita ringi; kiasi kidogo hapo ni cha kawaida, hata injini mpya hupumua hivyo. Paka maji ya sabuni kwenye kiungo cha silinda hedi, mapovu yatakuonyesha gasketi. Kwa dakika chache umejua ni kipuri gani cha kununua, na injini haijafunguliwa.

Lakini kuna jibu la tano, na ndilo linalostahili kufikiriwa zaidi: upepo hauvuji popote, na bado geji inasoma chini. Watu wengi wakifika hapa huchanganyikiwa na kufungua kila kitu. Tulia. Kama hakuna kinachovuja, basi ama hewa haiingii ya kutosha, ama inarudishwa, ama pistoni haifiki juu inavyopaswa. Angalia kwanza kisafisha hewa, labda kimeziba. Halafu uliza historia ya chombo. Lubunga iko ng'ambo ya mto, na pikipiki huvushwa kwa mtumbwi. Nyingine hulazimishwa kupita mito midogo ya msituni huku maji yakifika kwenye kabureta. Maji hayabaniki. Yakiingia ndani ya silinda na mtu akapiga kiki kwa hasira au akaisukuma iwake, kitu kinachopinda ni mkono wa pistoni. Ukipinda kidogo tu, pistoni inaishia chini ya kilele chake, nafasi ya 15 na nusu inakuwa 18 au 20, na kompresheni imeondoka bila upenyo wowote. Pikipiki iliyozama isipigwe kiki kabla ya kutoa bujii na kuyatoa maji yote.

Kama haikuzama, shuku taimingi ya valvu. Kwenye injini ya cheni, leta alama ya T mahali pake katika duru ya kubana na uangalie alama ya gia ya kamshafti kama imelingana na ukingo wa silinda hedi. Kisha irudishe krenki nyuma na mbele kidogo: ikiwa krenki inasogea sana kabla kamshafti haijaitikia, cheni imelegea au kikaza-cheni kimekufa. Kwenye CG gia haziruki jino, ila mkono wa binadamu unaweza kuzirusha. Gia hizo zimejificha nyuma ya magneto, kila moja ina kitone chake, na vitone hivyo lazima vitazamane. Aliyewahi kubadilisha kamshafti usiku kwa tochi ya simu anaweza kuwa amekosea jino moja, na pikipiki ikaendelea kutembea mwaka mzima ikiwa nzito. Uliza mara ya mwisho ilifunguliwa lini na kwa nini. Ikiwa uzito ulianza siku ileile iliyotoka gereji, umeshapata njia.

Sasa cheche. Alama ya F kwenye magneto ndiyo saa ya cheche injini ikiwa kwenye mzunguko wa chini, karibu digrii 15 kabla pistoni haijafika juu. Inapigwa mapema kwa sababu moto unahitaji muda kusambaa, na msukumo wake mkubwa unatakiwa uikute pistoni imeanza tu kushuka. Ikichelewa, moto unaungulia kwenye ekzosi: bomba linakuwa jekundu, nguvu hakuna. Ikiwahi mno, kiki inarudi na kuupiga mguu.

Alama hizo nazo zinaweza kusema uongo. Magneto hushikiliwa kwenye krenki na koni na nati. Kijipande kidogo cha chuma chenye umbo la nusu mwezi huielekeza tu mahali pake. Nati isipokazwa sawasawa, siku kiki inaporudi kijipande hicho hukatika, magneto inateleza digrii kadhaa, na alama zote zinateleza nayo. Utalinganisha T vizuri kabisa na kumbe pistoni haiko juu. Hata fundi mzoefu huweza kuzunguka siku nzima hapa, kwa sababu kila anachopima anakipima kwa rula iliyosogezwa.

Kuna njia ya kuikagua bila kuitoa magneto. Ingiza kijiti laini cha mwanzi kwenye tundu la bujii kiguse pistoni. Usitumie spoki ya baiskeli, chuma kinaweza kunasa na kuchubua. Usijaribu kukiona kilele kwa jicho. Karibu na juu kabisa, digrii 5 za krenki huisogeza pistoni kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimita, na hakuna mkono unaohisi hilo. Badala yake, chora mstari kwenye kijiti pale kinapolingana na ukingo wa tundu pistoni ikiwa milimita chache chini ya kilele. Weka alama ya chaki kwenye magneto, mkabala na alama ya kwenye kava. Zungusha mpaka pistoni ipande, ipite, ishuke tena hadi mstari uleule, na uweke chaki ya pili. Kilele cha kweli kiko katikati kabisa ya chaki hizo mbili. Alama ya T isipokuwa hapo, kijipande kimekatika. Ni kipuri cha bei ndogo kuliko vyote vilivyotajwa katika sura hii.

Pikipiki za zamani zenye platini huhitaji uangalifu mwingine. Uwazi wake ni milimita 0.3 hadi 0.4. Kisigino cha platini kikilika uwazi hupungua, platini huchelewa kufunguka, na cheche huchelewa taratibu kiasi kwamba dereva haoni tofauti. Bana karatasi nyembamba kati ya platini, ivute kidogo kwa mkono mmoja huku mwingine ukizungusha magneto. Karatasi inatakiwa kuachiwa palepale F inapolingana na alama. Zenye CDI hazina cha kurekebisha. Zenyewe ziko sawa au si sawa. Ila angalia kisanduku kilichonunuliwa kama mbadala: vinafanana nje, plagi za nyaya zinaingia, lakini ndani kimepangwa kuwahisha cheche kwa namna ya injini nyingine.

Na kabla hujailaumu CDI kwa injini inayogonga ikibeba mzigo, ichunguze petroli. Mafuta ya chupani yanayouzwa kando ya barabara na wale wanaoitwa kadafi yameokoa wasafiri wengi, na wauzaji wengi ni waaminifu. Yakichanganywa na mafuta ya taa, injini hugonga na kupata joto kama ambayo cheche yake imewahi, na ukuta wa silinda huoshwa oili. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe na uliache kivulini. Petroli safi hutoweka bila kuacha kitu. Mafuta ya taa huacha doa.

Za mipigo miwili, kama Yamaha AG100 ambazo watu wa afya na wa misheni wamezipeleka hadi mwisho wa njia za mkoa wa Tshopo, hazina valvu za kuseti. Kwao chunguza mambo matatu: masizi yaliyoziba ekzosi, ringi, na sili za krenki. Sili ikivuja upande wa magneto, hewa ya ziada huingia, injini hukimbia yenyewe na kupata joto. Ikivuja upande wa klachi, hunyonya oili ya gia na kutoa moshi mzito usiokwisha.

Majaribio yakikubaliana kwamba ringi ndizo, sasa ndiyo fungua, ila usinunue bado. Chukua ringi ileile ya zamani, iingize peke yake ndani ya silinda, isukume na kichwa cha pistoni ikae sawa. Pima upenyo wa ncha zake karibu na juu, pale ringi zinapofanya kazi, kisha chini kabisa ambako silinda hailiki. Kila silinda ikipanuka milimita 0.1, upenyo huo hupanuka 0.31, kwa sababu ya ile 3.14 ya duara. Tofauti kati ya juu na chini, igawe kwa 3.14, na umepata silinda imelika kiasi gani bila kifaa cha bei kubwa. Ikiwa juu na chini vinakaribiana na upenyo umezidi milimita 0.5, ringi mpya zitasaidia. Ikiwa juu pamepanuka sana kuliko chini, ringi mpya ni pesa iliyotupwa mtoni. Hapo ni kuchonga silinda na kuweka pistoni kubwa, au silinda mpya ya safari ile ndefu. Silinda hedi ikiwa mezani, mimina petroli kwenye njia ya kuingiza na ya kutolea moshi, ungoje. Ikichuruzika kupitia valvu, isage kabla ya kuirudisha, hata kama si hiyo uliyoifungulia.

Ukiwa dereva na si fundi, bado una haki ya kuuliza. Kabla hujatoa pesa, mwambie fundi kwa heshima akuonyeshe namba ya geji, kavu na ya oili, na akuwekee kidole pale upepo unapovuja. Fundi mzuri hatakasirika. Na kazi ikiisha, pimeni tena pamoja, uandike namba hiyo na tarehe kwa wino usiofutika ndani ya kifuniko cha pembeni cha pikipiki yako, fundi atakayefuata aikute.